Kijiko Kimoja cha Mkojo kwenye Kapu la Shangazi

Shangazi alifika kutoka Tanga saa mbili usiku, na kabla haijatimu saa tatu Bobi, mbwa wetu, alikuwa ameshalikojolea kapu lake.

Lilikuwa kapu la ukili, lile lile ambalo nimemwona akisafiri nalo tangu nikiwa mtoto. Ndani mlikuwa na machungwa ya Muheza, khanga mbili, dawa zake za presha na, juu ya vyote, msala wake wa kuswalia umekunjwa vizuri. Nililiweka chini kando ya kochi nikaenda jikoni kumpashia chakula. Niliporudi nilimkuta Bobi amesimama kwa miguu mitatu. Haja alikuwa ameshakwenda nje jioni, kwa hiyo hakuwa amebanwa. Alirusha kiasi cha kijiko kimoja tu, akanusa alipolenga, akaenda kulala chini ya feni.

Shangazi yangu ni Mwislamu. Baba alibatizwa akiwa kijana, dada yake akabaki kwenye dini ya wazazi wao, na kwetu jambo hilo halijawahi kugombanisha watu; Idi tunakula kwake, Krismasi anakula kwetu. Lakini mkojo wa mbwa ni habari nyingine. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, najisi ya mbwa imo katika zile nzito kabisa: kilichopatwa nayo huoshwa mara saba, na mojawapo ya hizo saba ni kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Shangazi alikuja Dar es Salaam kutolewa mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limeshafunga kabisa, la kushoto linaona ukungu. Saa nne usiku ule, baada ya kutwa nzima ndani ya basi na bajaji kutoka stendi ya Mbezi, mama huyu alikaa kwenye kigoda uani kwangu akiuosha msala wake, mimi nikimmiminia maji na kuhesabu. Hakunilaumu hata kidogo. Laiti angenigombeza.

Bobi ni chotara wa Maltese, aina ya mbwa wadogo, manyoya meupe, kilo nne na ushei. Tulimpata kwa familia iliyokuwa inahama nchi, akiwa na miaka miwili. Wiki ya kwanza alikuwa kama malaika. Ya pili akaanza: mguu wa kochi, pazia, kona ya friji, viatu vya wageni. Nami nikafanya nililoona likifanywa tangu utotoni. Nilimchapa kwa kandambili. Nilimshika shingo nikamsukumiza pua kwenye mkojo wake. Nilimfunga uani chini ya tangi la maji mpaka jioni. Nasema haya nikijua kuna msomaji ambaye leo asubuhi kafanya hivyo hivyo, naye anampenda mbwa wake kama mimi ninavyompenda Bobi. Matokeo yalionekana haraka: Bobi aliacha kuinua mguu mbele yangu. Nikadhani amejifunza. Kumbe alichojifunza ni kwamba mimi ni wa kuogopwa, akahamia nyuma ya kochi na chini ya meza ya televisheni, mahali ambapo sikupaona mpaka harufu iliponiita.

Majirani walisema ana dharau. Walisema mbwa wa kizungu ndivyo walivyo, mtupe. Mtaani kwetu nimeona madume wawili wadogo wakifukuzwa kwa kosa hili moja, na mmoja aligongwa na bodaboda kabla wiki haijaisha, kwa sababu hakuwahi kuishi barabarani na hakujua barabara ni nini. Huyo ndiye aliyenifanya niandike.

Asubuhi baada ya kapu kukojolewa nilimbeba Bobi kwa daktari wa mifugo. Nilikuwa nataka dawa, yeye akaanza na maswali. Anatoa mkojo mwingi au kidogo? Anaukojolea ukuta na mguu wa meza, au anaacha dimbwi katikati ya sakafu? Anajikojolea akiwa usingizini? Anakunywa maji kupita kawaida? Anajikamua, anatoa damu? Baada ya hapo akachukua mkojo kwenye kikopo, akauchovya karatasi ya kupimia, mwingine akauweka chini ya darubini.

Sababu ya kuanza hivyo, alinieleza, ni kwamba maambukizi ya kibofu, mawe ya kibofu, kisukari, figo na tezi dume vyote humfanya mbwa akojoe ovyo, na mbwa wadogo wa aina kadhaa hupata mawe kwa urahisi. Mbwa mgonjwa hafundishiki. Ukimwadhibu unamwadhibu kwa maumivu yake. Na dume anayejikamua bila kutoa kitu hangojewi mpaka kesho, kwa kuwa njia ikiziba anaweza kufa.

Mkojo wa Bobi ulikuwa safi. Basi kilichobaki kilikuwa alama.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimechanganya mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Mbwa ambaye hajafundishwa kwenda haja nje huacha dimbwi, popote, kwa kuwa kibofu kimejaa. Mbwa anayetia alama hutoa tone au kijiko, karibu kila mara kwenye kitu kilichosimama, na anaweza kufanya hivyo dakika tano baada ya kutoka nje. Madume wengi huanza kati ya miezi sita na mwaka, homoni za kiume zinapopanda. Fikiria daftari la wageni, lile linalowekwa mezani kwenye kila ofisi na kila msiba: jina, unatoka wapi, umekuja lini. Kwa mbwa mkojo ni mwandiko wa namna hiyo. Mwenzake akiunusa anajua aliyepita ni dume au jike, na jike yuko kwenye joto au la. Kapu la shangazi liliingia kwangu likiwa na harufu ya basi, ya abiria, ya mbuzi wa Tanga na ya mikono Bobi asiyoijua. Akatia sahihi yake.

Kwa nini hawa wadogo ndio wanaolalamikiwa zaidi? Sababu nyingine ni sisi wenyewe. Mbwa wa kilo thelathini akiinua mguu sebuleni siku moja tu, nyumba nzima inasimama. Mdogo anaweza kuendelea miezi kadhaa kabla hujagundua. Lakini wao nao wana lao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwatazama mbwa wa makao ya kuhifadhia mbwa wasio na wenyewe wakitembezwa, wakaona kwamba wadogo hukojoa mara nyingi zaidi kuliko wakubwa na hulenga vitu zaidi. Utafiti wao wa mwaka 2018 ukaonyesha kwamba madume wadogo huinua mguu kwa pembe kubwa zaidi, yaani hurusha juu kuliko kimo chao kinavyostahili. Dhana ya watafiti ni kwamba mdogo hujitangaza kuwa mkubwa kuliko alivyo, labda kwa sababu kukutana ana kwa ana kungemgharimu. Tangu nisome hilo nimeshindwa kumkasirikia Bobi kwa moyo wote. Kilo nne, katika mtaa uliojaa mbwa koko.

Kaka yangu ni wakala wa kutuma na kupokea pesa, ana ile tochi ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti. Nilimwazima. Mkojo uliokauka hung'aa chini ya mwanga ule, rangi kama ya manjano iliyofifia. Nilingoja watoto walale, nikazima taa zote, nikapiga magoti nikaanza mlangoni.

Nilikuwa nikijua sehemu tano. Nilihesabu 14. Onyo moja kwa atakayejaribu: sabuni za unga nazo hung'aa, kwa hiyo inama unuse kabla hujahukumu. Lakini hizo 14 nilizinusa zote, nikazichora kwenye karatasi, na karatasi ile ilinifundisha kuliko chochote nilichowahi kusoma. Nilitegemea kuona fujo, nikaona mpangilio. Saba zilikuwa kwenye ukuta mmoja, chini ya dirisha linalotazama geti: pazia, mguu wa kochi ulio karibu na dirisha, fremu ya mlango. Ni pale ambapo kila alfajiri mbwa koko hupita wakifukua jalala, na Bobi husimama juu ya kochi akiwabwekea mpaka sauti inakauka. Nne zilikuwa kwenye vitu vilivyotoka nje: mtungi wa gesi uliobadilishwa wiki ile, gunia la mchele, raki ya viatu, sanduku la feni mpya. Mbili zilikuwa mlangoni kwa dada wa kazi aliyekuwa ameondoka mwezi uliopita, aliyekuwa akimlisha. Moja ilikuwa nyuma ya friji, nayo mpaka leo siijui sababu yake.

Hapakuwa na alama hata moja mahali anapokula wala anapolala.

Nilikaa sakafuni gizani na ile karatasi mapajani. Mbwa niliyemwita mwenye dharau alikuwa akilinda dirisha, akikagua mizigo na kumtafuta mtu aliyeondoka.

Sasa usafi. Hapa mwalimu wangu alikuwa shangazi. Jicho la kwanza lilikuwa limeshafanyiwa, limefunikwa, amekatazwa kuinama na kuingiza maji machoni, kwa hiyo alikuwa anakaa kwenye kiti chake siku nzima bila kazi. Siku moja akaniita. "Mwanangu, pale umeosha leo, lakini hukuosha." Nilikuwa nimedeki kona ile kwa maji na sabuni yenye manukato. Akaniuliza nimepitisha dekio mara ngapi. Mara mbili, shangazi. Akatikisa kichwa. Ukipitisha kitambaa cha maji juu ya mkojo, alisema, umeutandaza, umeinajisi sehemu kubwa kuliko ya mwanzo. Kwanza ondoa kitu chenyewe. Kikaushe, kiishe. Ndipo umwagie maji yapite juu yake. Na hujamaliza mpaka ladha yake, rangi yake na harufu yake viondoke. Hivi ndivyo alivyofundishwa twahara, yaani usafi wa kidini, madrasani akiwa na miaka saba, na hivi ndivyo daktari wa mifugo alivyokuwa ameniambia kwa maneno yake mengine: harufu ikibaki, mbwa atarudi kuandika upya juu ya mwandiko wake.

Kwa hiyo tulifanya kwa mafundisho ya wote wawili. Nilikausha kwa kugandamiza kitambaa kikavu, bila kusugua. Nikamwaga maji ya kawaida kidogo, nikakausha tena. Kisha sabuni ya unga ya kufulia, ile yenye vimeng'enya (enzaimu) vya kuvunjavunja uchafu, kwenye maji ya uvuguvugu. Soma pakiti, maana si zote zinavyo, na maji ya moto sana huviua. Niliiacha ikae robo saa, nikasuuza, nikafungua madirisha. Pazia nililishusha nikalifua. Miguu ya mbao nilijaribu kwanza upande usioonekana, isije ikachuja rangi. Maduka ya mbwa huuza dawa maalumu za vimeng'enya nazo ni nzuri zaidi, ila bei yake si ya kila mtu.

Naomba uache jiki. Najua ndiyo ya kwanza kukimbiliwa. Klorini ikikutana na amonia ya mkojo hutoa hewa inayochoma macho na kifua, na katika chumba kidogo chenye mtoto au mgonjwa hilo si jambo la kujaribu. Halafu inaua vile vimeng'enya unavyovitaka. Na dawa yoyote ya sakafu yenye harufu ya amonia, kwa pua ya mbwa, ni kama mbwa mwingine amepita hapo.

Kuhusu kuhasi, tulibishana nyumbani majuma mawili. Baba watoto hakutaka kusikia. Kwake lilikuwa jambo la kumdhulumu dume mwenzake. Nikamkumbusha maksai wa babu yake huko Shinyanga, waliolima mashamba yaliyomsomesha yeye. Alinyamaza siku mbili, ya tatu akaniuliza operesheni ni saa ngapi. Bobi alipewa nusukaputi asubuhi, jioni alikuwa nyumbani, nyuzi zikatolewa siku ya kumi na mbili.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba kisu kinamaliza kila kitu. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 1997 ulifuatilia madume 57 waliohasiwa wakiwa watu wazima kwa sababu ya tabia zao. Kwa takribani 60 kati ya kila 100, kutia alama kulipungua nusu au zaidi. Waliokaribia kuacha kabisa walikuwa wachache kuliko hao. Jambo lililonitia moyo ni kwamba umri wa mbwa, na muda aliokwisha kuwa na tabia hiyo, havikubadili matokeo. Usiseme wako amekuwa mzee mno. Homoni hushuka upesi baada ya operesheni, mazoea hushuka polepole. Na kama mbwa wako hutia alama kwa woga zaidi kuliko kwa udume, mwambie daktari hilo kabla hamjapanga siku, kwa sababu woga hautibiwi kwa kuhasi. Kuna wanaohitaji dawa za kutuliza wasiwasi, nazo huandikwa na daktari tu, haziazimwi kwa jirani.

Kazi iliyobaki ilikuwa yangu, na ilikuwa ya kuchosha. Nilibandika karatasi kwenye nusu ya chini ya dirisha la geti. Nilipigilia misumari ukutani, mabegi yote yakawa yananing'inia, pamoja na kapu la shangazi. Mtungi mpya wa gesi ukiingia ulikuwa unafutwa kwanza, kisha unaingizwa moja kwa moja chumba kilichofungwa. Bobi akawa haachwi sebuleni peke yake: ama nimemfunga mkanda kiunoni mwangu nikipika, ama yuko kwenye chumba chake na mfupa wa kutafuna. Bakuli lake la chakula nililihamishia chini ya dirisha, kwenye ukuta ule wenye alama saba, maana mbwa hapendi kukojolea anapokulia. Nje tulikwenda mara tano kwa siku, na huko nilimwacha aandike anavyotaka, kila mwarobaini na kila nguzo ya umeme, nikimpa kipande cha dagaa pale pale baada ya kumaliza, siyo tukifika nyumbani.

Nilijifunza pia kumsoma. Kabla mguu haujainuka kuna sekunde mbili tatu: pua inaganda mahali pamoja, mkia unakakamaa, kiwiliwili kinageuka ubavu kuelekea kitu. Ukimwita kwa furaha katika sekunde hizo, anakuja. Ukimpigia kelele, unarudi kule nilikoanzia, nyuma ya kochi.

Halafu kulikuwa na kibwebwe. Fundi cherehani wa chini yetu alimshonea mkanda wa khanga kuukuu wenye taulo ndani, unaozunguka tumbo kufunika pale penye kazi, na kamba mbili za kufungia mgongoni. Ndani nilikuwa naweka pedi. Kibwebwe hakifundishi mbwa chochote, lakini kilimpa shangazi nafasi ya kuswali sebuleni bila kuhofia, na kwangu hilo lilitosha. Kinavuliwa kila anapotoka, kinabadilishwa kikilowa tu, na tumbo linaoshwa na kukaushwa. Mbwa wa jirani aliachiwa chake usiku kucha akatoka vipele vibaya mno.

Wiki ya kwanza baada ya tochi nilihesabu alama tisa mpya. Wiki ya sita, moja. Kisha masika ikaanza, Bobi akawa hataki kukanyaga maji, anasimama kizingitini akitetemeka, na alama zikarudi nne kwa wiki moja. Nikaanza kutoka naye na mwavuli, mimi nalowa, yeye amekauka, dagaa mfukoni. Alipoletwa dada mpya wa kazi zilirudi tena, siku tatu. Safari hiyo sikushtuka. Nilimwomba dada yule ndiye awe anamlisha.

Jicho la pili la shangazi lilifunguliwa mwishoni mwa Aprili. Alimtazama Bobi kwa muda mrefu, mara ya kwanza akimwona sawasawa. "Kumbe ndiye huyu," akasema. "Mdogo hivi."

Siku ya kuondoka bajaji ilifika saa kumi na moja alfajiri. Kapu lilikuwa juu ya kiti, limeshafungwa. Shangazi hakuliweka chini, nami sikumwomba aliweke. Bobi alinyanyua pua kuelekea kwenye kile kiti, akainusa hewa, pua ikaganda. Nilimwita. Akasita, akaja. Nikafungua mlango, akatoka mbio mpaka kwenye mwarobaini wa getini, akainua mguu juu kabisa, juu kuliko kimo chake.

"Shikamoo shangazi, safari njema."

"Marahaba, mwanangu. Mpe dagaa lake, utasahau."